Gari ina tatizo la umeme? Pima kwanza, dukani utaenda baadaye

Wakuu, hili la umeme wa magari naomba tuliongee kwa kirefu maana watu wanaumia sana. Gari inagoma kuwaka asubuhi, fundi wa kwanza anasema betri, mtu anaingia mfukoni ananunua betri, baada ya siku chache tatizo lile lile, fundi wa pili anasema hiyo ni alteneta (ile mashine inayochaji betri injini ikiwa imewaka), inanunuliwa alteneta ya mtumba, bado, wa tatu anasema kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, na hapo hela iliyokwenda ni ya ada ya mtoto na kitu kilichokufa ni kipande cha waya cha kwenda bodi ambacho bei yake ni ya chakula cha mchana. Na maduka mengi ya spea ukienda kurudisha wanakuonyesha maandishi ukutani, kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudishwi, na kwa upande wao wana haki kwa sababu hawajui umekichomeka wapi.

Kwa hiyo kitu kimoja ukishike kabla ya vyote. Umeme wa gari unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye swichi au rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), unafika kwenye kifaa, halafu LAZIMA urudi betri, na kurudi kwenyewe ni kupitia bodi na injini. Kifaa ndo kinasingiziwa kila siku kwa sababu ndo kinachoonekana kimegoma. Kabla hujakihukumu thibitisha mambo mawili tu, kwamba umeme unakifikia ukiwa na nguvu, na kwamba njia ya kurudi iko salama. Vyote viwili vikiwa sawa na kifaa bado hakifanyi kazi, basi kifaa kimekufa, kanunue bila wasiwasi.

Vifaa vya kupimia ni vichache. Multimita ya digitali ya kawaida, zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini na bei yake haisogelei hata kidogo bei ya betri. Msasa laini, spana namba 10, na tesita ya globu. Tesita unaweza kujitengenezea mwenyewe, chukua globu ya breki ya wati 21, ungia waya mbili ndefu, funga vizuri na tepu, tayari. Usiidharau hiyo globu, nitaeleza chini kwa nini kuna mahali inaishinda multimita. Ila hiyo globu usiipeleke kwenye waya za sensa, za kontrol boksi wala za eabegi, inavuta umeme mwingi utaunguza vitu. Waya za eabegi mara nyingi soketi zake ni za njano, hapo usipime kabisa, na kama gari yako ni haibridi zile waya nene za rangi ya chungwa usiziguse, zile zina volti mamia, sio kumi na mbili.

Anza na betri hata kama uliinunua juzi. Gari ikiwa imelala usiku mzima, kabla hujafungua hata mlango ukiweza, weka multimita kwenye volti DC 20, nyekundu kwenye chanya nyeusi kwenye hasi. 12.6 imejaa. 12.4 imeshuka lakini inatosha. 12.2 ni kama nusu. 12.0 kwenda chini hiyo ina njaa, na betri yenye njaa sio lazima iwe mbovu, inawezekana haichajiwi au kuna kitu kinaila usiku. Ukitoka tu kuzima gari usipime, itakudanganya na chaji ya juu juu, labda uwashe taa kubwa dakika moja, uzime, usubiri kidogo ndo upime.

Sasa mwambie mtu apige stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, huku unaangalia multimita. Ikishuka ikabaki juu ya 9.6 betri ina uwezo. Ikidondoka hadi 8 au 7, aidha betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi, na namna ya kutofautisha ni kuchaji betri ijae kabisa halafu urudie, au kuazima betri nzima ya jirani dakika tano. Azima kabla ya kununua jamani, mtu wa kukuazimia betri dakika tano Mwanza hakosekani. Na joto letu hili la huku linaua betri kuliko watu wanavyodhani, betri inapikwa kwenye boneti mchana kutwa kwenye foleni ya Mabatini na Buzuruga, kwa hiyo betri kufa mapema sio ajabu, ila iwe imepimwa.

Sikiliza pia sauti. Ukiwasha ikasema tik-tik-tik-tik haraka haraka, umeme ni mdogo, yaani betri au tominali (vile vibano vya waya kwenye nguzo za betri). Ikipiga tak moja nzito halafu kimya, umeme umefika kwenye solenoidi (swichi kubwa ya stata) lakini mota haizunguki, hapo ni stata yenyewe au waya zake nene. Ikiwa kimya kabisa na taa za dashibodi zinang'aa vizuri, stata usiiguse kwanza, angalia fyuzi, rilei, swichi ya funguo, na kwa gari za otomatiki jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P, ikiwaka kwenye N ujue ile swichi ya gia imechoka au haijakaa sawa.

Tominali nazo. Zishike kwa mkono uzungushe, zikicheza hata kidogo umeshapata mshukiwa. Utakuta nyingine zimelegea miaka mingi na mtu amepachika msumari au kipande cha bati la kopo kati ya tominali na nguzo ya betri ili ibane. Inabana kweli, lakini inagusa sehemu ndogo sana, na umeme wa stata ni mwingi hauwezi kupita kwenye kijisehemu kama hicho. Toa hasi kwanza halafu chanya, mwagia maji ya moto yenye baking soda kwenye ule unga mweupe au wa kijani, kausha, piga msasa ndani ya tominali na nguzo yenyewe mpaka ing'ae, rudisha chanya kwanza halafu hasi, paka grisi kidogo kwa juu. Tominali mpya kama inahitajika ni bei ndogo. Na usivute sigara ukiwa umeinamia betri, ile gesi inayotoka inalipuka.

Tufike kwenye eathi, yaani ile njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na injini, na hapa nitakaa maana magari ya ukanda wa ziwa hapa ndo yanapofia. Kuna kirikuu (pikapu ndogo) moja ilikuwa inabeba samaki kutoka Mwaloni pale Kirumba, sato na sangara kwenye barafu, na wote mnajua ile barafu ikiyeyuka maji yote yanashuka chini ya bodi. Dalili zake zilikuwa za kuchanganya kweli kweli, ukikanyaga breki indiketa inawaka kwa mbali, taa za mbele zina wekundu, stata inazunguka kwa kuvutwa kama haitaki, na kitu ambacho wengi hawakiangalii, waya wa akselereta ulikuwa unapata moto ukipiga stata mara mbili tatu. Mwenye gari alishaambiwa anunue stata, na alikuwa na hela mkononi.

Multimita ikawekwa hivi, ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe na sio tominali, ncha nyekundu kwenye chuma cha injini kilichopigwa msasa, mtu akapiga stata. Inatakiwa isome chini ya 0.2. Ilisoma 1.8. Maana yake karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani kabla ya kurudi betri, na umeme ulipokosa njia yake ukawa unapita kwenye waya wa akselereta, ndo maana ukawa wa moto. Ule waya wa eathi kutoka injini kwenda chesisi ukiutazama kwa nje ni mzima, plastiki nyeusi safi kabisa, ila ulipochanwa karibu na kichwa shaba yote imegeuka unga wa kijani, unaanguka ukiupuliza, zimebaki nyuzi chache zilizoshikilia. Kikakatwa kipande cha kebo ya kuchomelea, vikabanwa vichwa viwili, ikafungwa kwenye chuma safi. Stata ni ile ile na ikapiga kwa nguvu, indiketa ikatulia.

Kwa hiyo hiki kipimo kijue kwa moyo. Kwanza zuia injini isiwake kwa kutoa fyuzi au rilei ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta), au ya pampu ya mafuta, ili upige stata sekunde tatu nne bila kuwaka. Pima nguzo hasi kwenda injini. Pima nguzo hasi kwenda bodi. Halafu upande wa chanya, ncha moja nguzo ya chanya, nyingine kwenye skrubu nene ya stata inakoingia ile kebo kubwa, hapo ikizidi 0.5 kebo au viungo vyake vina shida. Vyote vikiwa sawa, betri imejaa, na stata bado inasuasua, hapo sasa stata ishushwe, na hata ikishushwa sio lazima ununue nzima, mara nyingi ni karboni brashi zimeisha au zile shaba za ndani ya solenoidi zimeliwa, mafundi wa stata na alteneta wanabadilisha hivyo tu.

Taa za nyuma ni hivyo hivyo. Ukiona breki inawasha taa nyingine, au indiketa inapiga haraka upande mmoja, usikimbilie taa nzima. Angalia globu kwanza, indiketa ikipiga haraka mara nyingi ni globu moja imeungua au umeweka ya LED. Globu ikiwa nzima, chukua kipande cha waya, unganisha eathi ya ile taa na chuma safi cha bodi, dalili zikipotea hapo hapo umemaliza kazi, tengeneza eathi.

Kuhusu ile globu niliyosema inaishinda multimita. Multimita yenyewe haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na unyuzi mmoja bado utakuonyesha volti 12, mtu anasema umeme unafika, pampu ndo mbovu, anabadilisha pampu, pampu mpya nayo haifanyi kazi. Ni kama bomba la nyumba za mlimani, presha ipo ukiziba kwa kidole, ukifungua ndoo haijai. Chomoa soketi ya kile kifaa, weka globu ya wati 21 kati ya waya wa chanya na waya wa eathi wa ile soketi yenyewe, ikiwaka nyeupe kabisa njia zote mbili ni nzima, ikiwaka nyekundu au ikikataa, njia ndo mbovu, na ukihamisha mguu mmoja kwenda kwenye bodi utajua ni upande gani. Hii ni kwa vitu vinavyovuta umeme kama pampu ya mafuta, feni, honi na taa. Narudia, sio sensa.

Fyuzi usiziangalie kwa macho peke yake, kuna zinazokatika pembeni hazionekani. Zile nyingi zina vishimo viwili vidogo juu, gusa kwa tesita kimoja kimoja, mguu mwingine wa tesita ukiwa kwenye chuma cha bodi, swichi ikiwa imewashwa, pande zote zikiwa na umeme ni nzima, upande mmoja ukikosa imekatika. Rangi zina maana, nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi iliyokatika irudishie ya ampia ile ile, ikikatika tena kuna shoti, tafuta shoti. Kuweka kubwa zaidi au kuviringisha waya ni kuchoma gari, na nimeona dashibodi iliyoyeyuka kwa sababu hiyo hiyo, harufu yake huisahau.

Rilei ndo kipimo rahisi kuliko vyote, kwenye boksi moja mara nyingi ziko mbili au tatu zinazofanana namba na miguu. Hamisha ya honi uweke kwenye feni na ya feni uweke kwenye honi, feni ikizunguka na honi ikanyamaza umeshapata jibu bure.

Kuchaji. Injini ikiwa imewaka, pima betri. Kati ya 13.8 na 14.5 alteneta iko salama, washa taa kubwa, feni ya AC, na redio, isishuke chini ya 13.5 hivi. Ukikuta 12 na inazidi kushuka, haichaji, lakini kabla ya kuilaani angalia mkanda kama haujalegea, soketi ndogo nyuma ya alteneta kama imekaa, fyuzi kubwa ya alteneta, na pima kwenye skrubu nene ya alteneta yenyewe, pale ukipata 14 na betri ina 12.3 alteneta inafanya kazi, kebo au fyuzi ndo inakata njiani. Ikizidi 15 regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na itapika betri, hiyo usiichelewe. Gari za miaka ya karibuni zingine zinashusha chaji zenyewe betri ikijaa, unaweza kukuta 12.8 ukashtuka, washa taa kubwa uone kama inapanda. Na tafadhali ile tabia ya kutoa tominali ya betri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama alteneta inachaji, iacheni, umeme unaruka ghafla unaua daiodi za alteneta na kontrol boksi, yaani unatafuta tatizo la laki unatengeneza la milioni.

Betri inaisha ukiilaza siku mbili? Hapo kuna kitu kinakula. Zima kila kitu, funga milango, ile kufuli ya boneti ifunge kwa bisibisi ili gari ijue imefungwa, toa tominali ya hasi, multimita weka kwenye ampia 10, na ncha nyekundu iwe kwenye tundu la 10A, halafu uipitishe kati ya nguzo ya hasi na ile tominali. Usiwashe gari wala kufungua mlango ikiwa hivyo, na ncha za ampia usiziweke moja kwa moja chanya na hasi. Subiri nusu saa gari ilale. Ikisoma 0.05 kushuka chini ni kawaida. Ikisoma 0.5, hesabu mwenyewe, siku mbili ni ampia-saa 24, na betri ndogo ya IST au Vitz ina kama 35, haitawasha. Chomoa fyuzi moja moja, ukichomoa ikashuka ghafla umeipata njia. Mara nyingi utakuta ni kitu kilichoongezwa, redio ya Android, alamu, GPS ya kufuatilia, kamera ya nyuma, taa za urembo. Ukichomoa fyuzi zote na haishuki, toa kebo ya alteneta, daiodi zikivuja zinakula betri usiku kimya kimya.

Sasa taa ya cheki injini, hapa ndo hela nyingi zinapotea. Unapima kwa kompyuta inatoka namba ya hitilafu P0335, sensa ya krankishafti, mtu anaenda kununua sensa. Maelezo ya hiyo namba yanazungumzia SAKITI ya sensa, na sakiti ni sensa pamoja na waya zake na soketi yake. Chomoa soketi, angalia kama kuna maji, mafuta, kutu ya kijani, pini iliyorudi nyuma, waya ulioliwa na panya. Huku kwetu watu tunapenda kuosha injini kwa mashine ya presha, maji yanakaa kwenye soketi, na gari za kulala nje Nyegezi au Buhongwa karibu na vichaka panya wanaingia kwenye joto la injini wanatafuna. Na P0171 ndo kabisa, inasema mchanganyiko una hewa nyingi, mtu anauziwa oksijeni sensa, kumbe bomba la hewa limepasuka au mafuta yanakuja kwa presha ndogo. Sensa imesema ukweli, halafu inafukuzwa yenyewe.

Misi, yaani silinda moja kutochoma mafuta vizuri, nayo ina kipimo cha bure. Ikitoka P0301, silinda namba moja inamisi, kwenye injini zenye koili juu ya kila plagi kama 1NZ ya IST na Probox, toa koili ya 1 weka ya 2, futa namba, endesha. Ikija P0302 koili ndo mbovu, nunua MOJA sio nne. Ikibaki P0301 hamisha plagi, ikibaki tena tazama waya za soketi, nozo ya mafuta na kompresheni. Na vile vidude vidogo vya bluetooth vya kusomea namba hizo kwa simu visikuvunje moyo visiposoma, gari nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilizoundwa kwa soko la Japani hazifuati kikamilifu ule utaratibu wa OBD2 wa kusoma kompyuta ya gari uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, tafuta fundi mwenye mashine inayozijua.

Ukienda kwa fundi umeme, iwe Nyakato, Igoma au popote, usimwambie fundi nibadilishie alteneta. Mwambie fundi, ikiwa imewaka betri inasoma 12.1, kwenye alteneta nyuma 12.1, mkanda umekaza, naomba tuangalie. Fundi mzuri atafurahi maana umempunguzia kazi, na akikwambia kitu kimekufa muulize kwa heshima, fundi umepima ngapi? Asiyetaka kukuonyesha kwenye mita, mshukuru, chukua gari yako uende. Lipia kazi ya kupima bila kinyongo, saa moja ya fundi anayepima ni rahisi kuliko spea tatu za kubahatisha.

Na ikifika kweli unanunua, nenda na ile ya zamani, linganisha namba zilizogongwa, idadi ya pini, na ukubwa wa puli. Stata ya mtumba waambie waiwekee betri pale pale dukani uione inarusha gia na kuzunguka kwa kasi, alteneta izungushe kwa mkono usikie kama beringi inakwaruza, na kama jirani kuna fundi mwenye mashine ya kuizungusha apime kabla hujatoa hela. Ikishafungwa rudia vipimo vile vile, kuchaji, kupiga stata, eathi, kwa sababu kama eathi mbovu ndo iliyoua cha kwanza itaua na cha pili, halafu namba ulizopata ziandike kwenye karatasi uiache kwenye dashibodi pamoja na risiti, siku nyingine gari ikianza kusumbua unalinganisha na ilivyokuwa nzima.